AC Imechoka ama Inaumwa Tu? Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Mombasa Kuhusu Kubadilisha AC ya Nyumbani

Mimi ni fundi wa AC, za majumbani zaidi, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa. Kaskazi, ule msimu wa joto, ikishika simu hainyamazi na maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyaweka hapa mtu asome kabla hajatoa pesa yake. Nimeanza na ya kawaida, yale magumu yako chini.

## Ya mwanzo

AC hukaa miaka mingapi hapa kwetu?

Watengenezaji husema 10 hadi 15, na mbali na bahari hiyo inawezekana kabisa. Hapa hesabu ni ingine. Nyumba ambayo ukisimama barazani waona maji, Nyali ya mbele, Bamburi upande wa bichi, Shanzu, ile mashine ya nje naiona inaanza kuoza mwaka wa nne, na kama haioshwi ikifika wa saba mara nyingi imekwisha. Ukiwa ndani kidogo, Mikindani ama Changamwe, na uitunze, miaka 10 inafika bila shida.

Lakini usibadilishe kwa sababu ya miaka peke yake. Nshaona ya miaka 12 Ganjoni bado inapuliza baridi hadi watu wanajifunika, na nshaona ya miaka mitatu ikizikwa. Vitu viwili ndio vya kuangaliwa, koili ya nje (zile paipu zenye vibati vyembamba vinavyotoa joto) na kompresa (pampu inayosukuma gesi). Hivyo ndio mapafu na moyo, vingine vyote ni spea unanunua unaweka maisha yanaendelea.

Haipozi kama zamani. Nitajuaje kama imekwisha ama ni uchafu?

Kabla hujaita mtu fanya haya mwenyewe. Fungua kifuniko cha mbele utoe filta, zioshe na maji ya bomba na sabuni kidogo, zikauke kivulini, urudishe. Nusu ya watu wakifanya hivi hawanipigii tena. Hapa na hili vumbi na huu unyevu filta inataka kuoshwa kila wiki mbili, sio kila Ramadhani.

Bado? Chukua kipimajoto, hata kile cha bei rahisi. Washa AC dakika 20, pima hewa inayoingia juu alafu ile inayotoka chini. Tofauti ikiwa kati ya digrii 8 na 12 mashine inafanya kazi, labda chumba ndio kikubwa kuliko AC (soma swali la BTU, kile kipimo cha nguvu ya AC kupoza, huko chini). Siku za unyevu mwingi tofauti inapungua kidogo manake nguvu ingine inaenda kukausha hewa, hiyo usiogope. Ikiwa digrii tatu ama nne na filta ni safi, hapo kuna ugonjwa.

Na kuna kipimo kingine hakina gharama, nimefundishwa na mama mmoja wa Kisauni. Yeye hukinga maji ya AC kwenye ndoo, ndio anapigia deki. AC ya BTU 12000 hapa pwani inaweza kutoa kama lita moja kwa saa hivi usiku wa joto. Akanipigia akaniambia, "Mwanangu, AC yavuma lakini ndoo yangu siku mbili hizi haijai hata nusu." Sikuhitaji kuuliza zaidi. Koili ya ndani ilikuwa haipati baridi ya kutosha kuvuta maji kwenye hewa, gesi ilikuwa imevuja. Kama unakinga maji, iangalie ndoo yako.

Maji yanadondokea kitandani, ni ya kutupwa hiyo?

Hapana, na asikudanganye mtu. Mara nyingi paipu ya kutolea maji imeziba na ule utando wa kijani, ama mashine imelala upande. Ni kuzibua na kupima leveli, kazi ya saa moja. Kama hayo maji yanakuja baada ya barafu kuganda kwenye koili ya ndani, hiyo ni filta chafu ama gesi ndogo, nenda swali linalofuata.

## Gesi

Fundi wangu anajaza gesi kila mwaka. Si ndio sevisi?

Hapa ndio nataka watu wanisikize kwa makini, manake ndipo pesa za watu wa Mombasa zinapopotelea.

Gesi ya AC hailiwi. Sio petroli. Inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa, inatoka nje inarudi ndani, ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na ikiwa hakuna tundu itakaa mpaka siku mashine inatolewa ukutani. Kwa hivyo ukiambiwa "imepungua gesi" swali lako la kwanza liwe, imetokea wapi? Fundi asipokuwa na jibu usimruhusu afungue mtungi.

Kutafuta tundu sio uchawi. Anatia naitrojeni kwa presha, anapaka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye koili, anaangalia panapotoa mapovu. Mara nyingi pale pana doa la mafuta yameshika vumbi jeusi, hata wewe ukitizama utaliona. Tundu likiwa kwenye nati ya maungio ni kukata kidogo, kutanua upya na kukaza, umemaliza. Likiwa kwenye paipu ya shaba linachomelewa. Likiwa ndani ya koili ya nje ambayo vibati vyake vishageuka unga mweupe, usichomelee. Utaziba hapa itatoboka pale, manake chuma chote kishaliwa.

Nilipoanza kazi hii nilimjazia gesi mzee mmoja wa Bamburi Kaskazi tatu mfululizo. Hakulalamika hata siku moja, alikuwa akinipa na chai. Mara ya nne nikashika vile vibati vya koili na vidole viwili nikavuta kidogo tu, vikabaki mkononi mwangu kama maganda ya samaki mkavu. Pesa alizonipa zilikuwa zishafika karibu nusu ya AC mpya. Mpaka leo najuta kwamba sikuigusa ile koili mwaka wa kwanza. Tangu siku hiyo naigusa kwanza, alafu ndio natoa geji ya kupimia presha ya gesi.

AC yangu ni ya R22. Niendelee nayo?

Angalia stika iliyo ubavuni mwa mashine ya nje, imeandikwa. R22 ni katika zile gesi zinazotoboa ozoni, chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi kama Kenya zilitakiwa ziwe zimepunguza kundi hilo la gesi kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 iwe mwisho, ibaki kidogo sana ya kuhudumia mashine za zamani. Maana yake kwako wewe ni moja, itazidi kuwa adimu na itazidi kuwa ghali.

Kama inafanya kazi na haivuji, itumie. Hakuna haja ya kung'oa mashine nzima kwa sababu ya gesi. Lakini siku ikivuja kwenye koili, ama kompresa ikifa, hiyo ndio siku yake ya mwisho, usiitie pesa ingine.

Fundi mwingine kasema atatia gesi mpya kwenye ile ile ya R22. Sawa?

Sio sawa. Gesi mpya ni kama R410A na R32. R410A ina presha kama mara moja na nusu ya R22 na zaidi, na mafuta ya kompresa ni tofauti, mashine ya R22 haikuundwa kwa hiyo. R32 nayo inashika moto, sio kama gesi ya kupikia lakini inashika, kwa hivyo usikubali mtu aitie kwenye mashine isiyoandikwa R32. Na kuchanganya mbili kwenye mashine moja ni kuiharibu tu, hata geji haitasoma kitu cha maana tena.

## Ikikataa kuwaka

Ya nje inanguruma "mmmm" alafu inakata "tak". Kompresa imekufa?

Labda, lakini mara nyingi ni kapasita. Ni kile kikopo kidogo kinachosukuma kompresa ianze kuzunguka, na joto letu linakichosha haraka. Kikifura juu kama kopo la maziwa lililoharibika, kishakwisha. Fundi akipima maikrofaradi atakwambia hapo hapo, anaweka kingine chenye namba ile ile, mashine inaamka. Wako watu wameuziwa AC mpya kwa sababu ya kikopo hiki na linaniuma sana. Usiguse mwenyewe lakini, hata ukizima swichi kinabaki na stima ndani.

Na kama kweli kompresa imekufa?

Hapo tunakaa chini na kalamu. Kompresa mpya, gesi mpya, kuvuta vakyum (kutoa hewa na unyevu kwenye paipu), draya mpya (kichujio cha kunasa unyevu) na kazi ya fundi, jumlisha vyote. Ikipita nusu ya bei ya AC mpya ya saizi ile ile, na mashine imepita miaka mitano, mimi nakwambia nunua mpya. Ikiwa changa na koili ya nje ni nzima, tengeza.

Uliza pia ilikufaje. Kompresa iliyoungua inaacha mafuta meusi yananuka vibaya, yana asidi, na yakibaki kwenye paipu yataiua na mpya. Fundi akitaka kubadilisha bila kusafisha laini na bila draya mpya, mwambie asante aende zake.

Na waranti, jamani, tafuta ile karatasi. Kampuni nyingi kompresa wanaipa miaka mingi kuliko mashine yenyewe na watu hawajui.

Bodi, ile sakiti ya kuendesha AC, imeungua mara ya pili. Ni mashine mbaya?

Sio lazima. Sababu tatu ndio naziona zaidi. Ya kwanza ni stima inayopotea na kurudi kwa nguvu, hapo weka kile kifaa cha kulinda AC ambacho kinangoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, ni bei ndogo sana ukilinganisha na bodi. Ya pili ni mijusi. Sikufanyii mzaha, mjusi anaingia kufuata joto la bodi ya nje, anagusa pini mbili, anakufa yeye na bodi pamoja. Ukifungua unamkuta amekauka pale pale. Ziba tundu za kupitishia waya. Ya tatu ni chumvi, ambayo inaleta ile kutu ya kijani kwenye bodi.

Bodi ya AC ya kawaida nitakwambia badilisha. Ya invata (ile AC ambayo kompresa yake inapunguza mwendo badala ya kukata) ni ghali, kwa hivyo ikiungua mara ya pili na koili nayo ishaanza kuliwa, hesabu ile ya nusu bei inaingia hapa pia.

## Chumvi

Mimi siko ufuoni, chumvi inanihusu?

Inakuhusu. Upepo wa Kusi na wa Kaskazi wote wapitia baharini, na kisiwa chenyewe kimezungukwa na maji. Ule unga wa chumvi hauonekani, unakaa kwenye vibati vya aluminiamu, unyevu wa usiku unaulowesha, na pale aluminiamu inapogusana na shaba ndio panaliwa kwanza. Tofauti ya ufuoni na bara ni kasi tu.

Naweza kuosha mashine ya nje mwenyewe?

Ndio na ufanye, hata mara moja kwa mwezi. Zima kule kwenye brekea, tumia maji yanayotiririka polepole, usitumie ile mashine ya presha ya kuoshea magari manake itavikunja vile vibati vyote.

Ila maji, maji! Nyumba nyingi Mombasa tunatumia kisima, na visima vingi vina chumvi. Ukiosha koili na maji ya kisima yanayokataa sabuni kutoa povu, umeipaka chumvi juu ya chumvi. Tumia maji matamu, ya bomba ama ya mvua. Ndoo mbili zatosha. Hata yale yanayotoka kwenye AC yenyewe ni mazuri kwa kazi hii, hayana chumvi.

Nimeambiwa nipake rangi ndio isioze.

Rangi ya kawaida kwenye koili inazuia joto kutoka, utaiua mapema zaidi. Fremu na mabano ya ukutani ndio ya kupaka rangi, na hayo yaangalie vizuri, manake bano lililoliwa na kutu ghorofa ya tatu lina mashine ya kilo nyingi juu ya kichwa cha mtu. Ukinunua mpya, ulizia koili yenye ule mpako wa kiwandani, wa buluu ama wa dhahabu. Sio kwamba haitaoza, itachelewa.

Ya nje ndio imeoza, ya ndani ni nzima. Nibadilishe ya nje peke yake?

Kama ni modeli ile ile, gesi ile ile, na duka linayo, ndio. Kwa kweli ni mara chache kuipata. Zikiwa hazilingani haipozi vizuri, na za invata hata kuongea haziongei. Kutoka R22 kwenda R32 lazima zote mbili, na paipu za shaba pia mimi natoa, naweka mpya, manake zina mafuta ya zamani.

## Pesa na tokeni

Tokeni zinaisha haraka kuliko zamani. Ni AC?

Pima. Zima kila kitu, soma mita, washa AC peke yake saa nzima, soma tena. Ya 12000 ya kawaida ikizunguka bila kupumzika inakula kama yuniti moja na kidogo kwa saa. Yenye afya inafika ile baridi uliyoweka alafu inakata, inapumzika. Iliyochoka haikati usiku kucha, na hapo ndio tokeni zinapokwenda. Kama inakula yuniti ile ile na chumba hakipoi, unalipia kelele tu.

Invata ina faida kweli?

Kama unalala nayo kila usiku, ina faida, kwa sababu kompresa inapunguza mwendo badala ya kukata na kuanza upya. Kama unaiwasha wageni wakija tu, nunua ya kawaida, utengenezaji wake ni rahisi. Angalia ile lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, nyota moja mpaka tano, nyingi ndio inakula kidogo.

BTU ngapi?

Chumba cha mita 3 kwa 4, 9000. Cha 4 kwa 5, 12000. Sebule kubwa, 18000 kwenda juu. Ukiwa ghorofa ya mwisho chini ya slebu inayopigwa jua mchana kutwa, ongeza daraja moja. Lakini usinunue kubwa kupita kiasi, sababu iko swali la koga hapo chini.

Ninunue lini?

Julai ama Agosti. Joto limepungua, mafundi tuna nafasi, tunafunga kwa utulivu na kuvuta vakyum vile inavyotakiwa. Februari kila mtu ana haraka na kazi za haraka ndizo zinazovuja.

## Yasiyo ya kila siku

AC inapoza lakini nguo zaota koga kabatini. Imeharibika?

Pengine ni kubwa mno. Inapoza chumba dakika tano inakata, haijapata muda wa kukamua maji kwenye hewa, unabaki na baridi yenye unyevunyevu. Jaribu kwenye rimoti ile alama ya tone la maji, saa mbili tatu kwa siku wakati wa masika. Isiposaidia, na mashine iko karibu na mwisho wake, utakaponunua nyingine shuka saizi.

Naishi Mji wa Kale, kuta za mawe na chokaa. Kuna tofauti?

Kuta zile nene zinapoza vizuri zenyewe, kwa hivyo mara nyingi AC ndogo yatosha. Shida ni kutoboa. Chokaa na mawe ya matumbawe yanabomoka, bano lataka kushikwa vizuri, na maji ya AC yasiachwe yatiririke ukutani manake yanaulainisha. Na kwa sababu ni eneo la hifadhi, uliza ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kabla hujaning'iniza mashine mbele ya nyumba.

Nimepanga. Nani anabadilisha, mimi ama mwenye nyumba?

Soma mkataba. Kama AC uliikuta, kwa kawaida kuosha na filta ni kwako, kompresa na koili ni kwa mwenye nyumba. Siku unayohamia piga picha koili ya nje. Hiyo picha itakuokoa siku akikwambia wewe ndio umeiozesha.

Dada yangu yuko Canada, ana mashine ya kuongeza unyevu nyumba nzima, anauliza dalili za kuibadilisha. Na je, sisi tunaihitaji?

Sisi hapana kabisa, tuna unyevu wa kugawa. Kule baridi ikishika wanawasha hita, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, ndio wanafunga hiyo mashine kwenye mifereji ya hewa. Adui yake ni chokaa ya maji magumu, inaganda kama ile ya ndani ya birika. Mwambie aanze na ile pedi ya maji, hiyo inabadilishwa karibu kila mwaka, na valvu ya kuingizia maji. Akiona boksi limepasuka ama linavuja kwenye mifereji na mashine imepita miaka 10, hapo abadilishe.

Ile ya zamani nimpe mtu wa skrepa?

Mpe, lakini gesi itolewe kwanza. Usimruhusu akate paipu na msumeno gesi iruke hewani, ya R22 inaharibu ozoni, ya R32 na sigara ya mtu karibu ni hatari. Kama kompresa bado inazunguka fundi anaivuta gesi yote iingie kwenye mashine ya nje, anafunga valvu mbili, dakika chache tu. Ikiwa imekufa inavutwa kwa mashine maalum kwenda kwenye mtungi. Na shaba ina bei nzuri, kwa hivyo usiitoe bure, ipimwe mbele yako.